Tuache kusema "ajali haina kinga"

Maneno ya mwisho ambayo binamu yangu aliniambia ni haya: "Niko sawa, abaayo. Nipe chai."

Ilikuwa baada ya Maghrib, nyumbani kwetu Liboi. Aliingia uani akisukuma nduthi yake, taa ya mbele imevunjika, vumbi mpaka kwenye kope, macawis imechanika gotini. Punda alikuwa amesimama katikati ya njia na yeye akamwona akiwa ameshamfikia. Alirushwa juu ya usukani akatua kwa bega na kichwa. Alizimia kidogo, akaamka, akainua piki, akaja nyumbani. Hooyo alimshukuru Mungu kwa sauti. Sisi wadogo tulimcheka kwa sababu alisema punda hata hakushtuka, aliendelea kutafuna tu. Alicheka na sisi.

Akanywa chai. Akasema kichwa kinamuuma. Akaingia kulala.

Usiku alikoroma vile hatukuwahi kumsikia akikoroma. Tukasema jamaa amechoka, mwacheni apumzike.

Alfajiri hakuamka kuswali. Tulimlaza nyuma ya gari la jirani tukaelekea Garissa. Hakufika. Alizikwa siku hiyo hiyo, na kila mzee aliyekuja kutupa pole alisema maneno mawili ya Kisomali ya kumwombea, halafu moja la Kiswahili: ajali haina kinga.

Nilikuwa na miaka 15. Sikuwa na jibu. Sasa niko 22 na jibu ninalo, na ndilo hili. Ni refu kidogo, lakini kama unapanda boda kila siku kama mimi, vumilia.

Kwanza tuelewane. Sikatai qadar. Kufa tutakufa wote, na siku anaijua Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini duksi tulifundishwa pia kwamba ngamia unamfunga kwanza, halafu ndio unamwachia Mungu. Hakuna mfugaji wa Liboi atalala bila kufunga ngamia wake halafu asubuhi aseme "wizi hauna kinga." Atachekwa mpaka Dhobley. Sasa mbona kwa ngamia tunafunga, na kwa kichwa cha mtoto wetu tunasema tu haina kinga?

Nilipoanza chuo Garissa nilimuuliza mwalimu mmoja anayefundisha uuguzi kuhusu ile chai. Nilitaka kujua mtu anawezaje kusimama, kucheka, kunywa chai, halafu afe. Alinichorea kwenye karatasi. Pembeni ya kichwa, hapa juu kidogo ya sikio, mfupa wa fuvu ni mwembamba, na chini yake unapita mshipa wa damu. Ukigongwa hapo mfupa unaweza kupasuka na kuukata ule mshipa. Damu inaanza kujaa kati ya fuvu na ubongo, polepole. Mwanzoni mtu anazimia, halafu anaamka, anaongea vizuri kabisa. Fuvu ni mfupa, haliwezi kupanuka. Kwa hivyo damu ikizidi, kinachobanwa ni ubongo. Kichwa kinauma. Usingizi mzito unakuja. Anaanza kukoroma vibaya, na huko si kulala tena, ni kuzimia. Inaweza kuchukua saa chache tu.

Niliondoka na ile karatasi nikakaa nje chini ya mti sijui muda gani. Maanake tulikuwa na saa kadhaa mkononi na tukazitumia kumfunika shuka.

Kitu kingine nilichojifunza ni kwamba yeye hakuwa peke yake hata kidogo. Shirika la Afya Duniani lilisema kwenye ripoti yake ya 2023 kwamba barabara zinaua watu kama milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba ajali za barabarani ndizo zinaongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Yaani sisi. Watu wa pikipiki na tuk-tuk ni sehemu kubwa ya hao. Hapa Kenya, hesabu za NTSA za miaka ya karibuni zinapita vifo 4,000 kwa mwaka, na wanaotembea kwa miguu pamoja na wa pikipiki ndio wengi.

Na hii nduthi si adui yangu, nataka iwe wazi. Neno lenyewe boda limezaliwa mpakani, kule Busia upande wa Uganda, baiskeli zikivusha watu na mizigo miaka ya 60. "Border, border." Sisi wa Liboi pia ni watu wa border, tena tunajua vizuri maana ya kuhitaji kufika mahali ambapo gari haliendi. Serikali ilipoondoa ushuru kwa piki ndogo mwaka 2008, zikaja kwa wingi, na hata kwetu zikafika. Nduthi imewabeba mama zetu kujifungua. Imepeleka maziwa ya ngamia sokoni kabla hayajaharibika. Imempa binamu yangu kazi akiwa na miaka 19, na pesa yake ndiyo ilinilipia karo ya kidato cha kwanza. Kwa hivyo usinisome kama msichana wa Nairobi anayelalamika juu ya boda. Mimi ni mtu aliyesomeshwa na boda.

Ndio maana nina haki ya kuuliza: kwa nini zinatuua hivi?

Tuanze na helmeti, kwa sababu binamu yangu alikuwa nayo. Ilining'inia kwenye usukani. Wengi wanaivaa hivyo, na wewe unajua. Kwetu helmeti ni ya polisi, si ya kichwa. Ukikaribia kizuizi unaivaa, ukipita unaivua. Kama ni swala la joto, nawaelewa: jua la Garissa linaweza kupita nyuzi 35 kabla hata hujala chakula cha mchana, na ndani ya ile kofia ni jiko. Wengine wanasema inazuia kusikia, wengine wanaogopa chawa kwenye ile ya abiria. Nimezisikia zote. Lakini hesabu ya Shirika la Afya Duniani ni hii: helmeti ikivaliwa sawasawa inaweza kupunguza hatari ya kufa zaidi ya mara 6, na hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74. Hakuna dawa yoyote kwenye duka la dawa la Liboi yenye nguvu hiyo kwa bei hiyo.

Inafanyaje kazi? Si ule ugumu wa nje. Ni ile povu nyeupe ngumu ndani, inafanana na ile wanayofungia televisheni mpya. Ukigonga chini, povu inabonyea na kuchukua kishindo ambacho kingeingia kwenye fuvu lako. Kwa hivyo ukinunua ile ya bei rahisi ambayo ndani ni kitambaa na sponji tu, umenunua bakuli. Na kama hujafunga mkanda wa kidevuni, inaruka kabla kichwa hakijafika chini. Na ikishagongwa sana mara moja, povu imeshabonyea, kazi yake imeisha, hata kama nje inang'aa.

Sheria yenyewe iko tangu zamani. Sheria ya Trafiki inataka dereva avae helmeti na jaketi linaloakisi mwanga, inataka mwenye piki ampe abiria helmeti na jaketi, na inaruhusu abiria mmoja. Mmoja. Sasa niambie mara ya mwisho uliona nduthi ya Liboi, Dadaab ama hata Garissa mjini Ijumaa baada ya swala ikiwa na abiria mmoja.

Na hapa hatuwezi kulaumu dereva peke yake. Mimi mwenyewe nimepanda watatu. Mtoto anakaa mbele kwenye tangi, dereva, mimi, na shangazi nyuma. Nafuu ya shilingi hamsini. Lakini fikiria kidogo. Breki zile zilitengenezwa kwa watu wawili. Uzito wote umekwenda nyuma, gurudumu la mbele limekuwa jepesi, usukani haushiki mchanga. Wa nyuma kabisa hana pa kushika isipokuwa nguo za mwenzake. Na yule mtoto pale mbele, piki ikigonga kitu, sisi watu wazima wote tunamwangukia yeye. Ukiona mtoto amekaa kwenye tangi, ujue ndiye amewekwa mbele ya wote kupokea kishindo.

Wasichana wenzangu, hii ni yetu. Abaya na shash. Tunakaa upande, kitambaa kinapepea, tunapiga picha, tunapendeza. Kitambaa kikiingia kwenye mnyororo ama kwenye spoki za gurudumu la nyuma, kinavuta. Kama ni abaya, kinakuangusha ukiwa unaenda kasi. Kama ni shash iliyozungushwa shingoni, kinakukaba ama kinakuvunja shingo, kwa sekunde, kabla dereva hajajua kuna kitu. Kusanya nguo, ikalie, shash ingiza ndani. Ni sekunde tano tu.

Halafu kuna njia yenyewe. Mchanga laini katikati, kokoto pembeni, na wanyama popote wanapotaka. Ngamia ana rangi ya ile njia. Usiku miguu yake ni mirefu na mwili uko juu, taa yako inamulika chini ya tumbo lake na wewe unadhani njia iko wazi. Punda naye haondoki, hata umpigie honi namna gani. Nimewasikia wakisema "lakini mimi naijua hii njia kama kiganja changu." Sawa. Punda haijui ratiba yako.

Nifanye hesabu kidogo, nivumilie. Ukienda kilomita 80 kwa saa unapita mita 22 kila sekunde. Mtu mzima aliye macho huchukua kama sekunde moja na nusu kuona kitu, kuelewa, na kugusa breki. Hiyo ni mita 33 umeshaenda kabla breki haijaguswa. Taa nyingi za nduthi kwetu, zile zimejaa vumbi na zimefungwa na waya, zinakuonyesha mbele mita ngapi? Ukiona punda kwenye mwanga wa taa hiyo, umeshamgonga, ni vile tu habari haijakufikia. Kwa 40 zile mita zinakuwa kama 17, na una nafasi.

Na kasi haiongezeki kwa upole. Kugonga kitu kigumu kwa 40 ni kama kuanguka kutoka mita 6, orofa ya pili. Ukiongeza kasi mara mbili, kishindo kinaongezeka mara nne: kwa 80 ni kama kuanguka mita 25, orofa ya nane. Nenda Eastleigh uangalie jengo lolote la orofa nane, angalia juu kabisa, halafu rudi uniambie unaharakisha kwenda wapi.

Na kwa nini tunaharakisha? Kwa sababu giza likiingia huku kwetu, hakuna mtu anataka kuwa njiani, na sababu zake tunazijua. Kwa sababu mwenye piki anataka hesabu yake jioni, na ukikosa anampa mwingine. Kwa sababu umelala saa tatu na umetafuna miraa kufika asubuhi, na miraa inakuweka macho lakini hairudishi ule usingizi. Deni linabaki, na huja kulidai saa kumi alfajiri ukiwa juu ya piki. Kwa sababu ulifundishwa kuendesha na rafiki, jioni moja, kwenye uwanja wa mpira. Hata hilo la mwisho si letu peke yetu: uchunguzi mkubwa wa ajali za pikipiki uliofanywa Los Angeles na kutolewa 1981 ulikuta asilimia 92 ya madereva walioanguka walijifundisha wenyewe ama walifundishwa na ndugu na marafiki. Rafiki anakufundisha kuondoka. Kusimama kwa dharura hakufundishi, kwa sababu yeye pia hajui.

Sasa nimefika pale panaponiuma zaidi, yaani baada ya kuanguka.

Watu wanadhani ukinusurika pale chini umeshashinda. Kichwa ndicho kinaua wengi, lakini si peke yake. Mfupa wa paja ukivunjika, ndani ya nyama ya paja unaweza kupoteza lita moja na nusu ya damu bila tone kuonekana nje, na mwili mzima una kama lita tano. Nyonga ikivunjika ni mbaya zaidi. Usukani ukikupiga tumboni, wengu ama ini linaweza kupasuka na wewe unaona tu alama ndogo kwenye ngozi. Kifua kinaweza kubanwa. Na wale wanaopona, wengi wao ni mguu, ule mfupa wa chini ya goti, miezi na miezi na chuma ndani, na familia inayokula kwa huo mguu imekaa nyumbani inamwangalia.

Kwetu hali hiyo inakutana na umbali. Mtu wa Liboi akihitaji picha ya ndani ya kichwa, macho yanaelekea Garissa, zaidi ya kilomita 150 za vumbi. Ikibidi afike Nairobi, ongeza kama 370. Kwa hivyo kile tunachofanya sisi, majirani, pale chini kwenye mchanga, ndicho hospitali yake ya kwanza. Na tunafanya vibaya kwa mapenzi. Tunamnyanyua kwa mikono na miguu kama gunia. Tunamweka kwenye nduthi nyingine, katikati ya watu wawili, shingo inaning'inia. Tunamvua helmeti kwa nguvu. Tunammwagia maji. Tunampa chai.

Haya, niandike kwa ufupi, na ukiweza uwasomee watu wa nyumbani wasiosoma. Anayetoka damu, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, usiachilie kila dakika kuangalia. Usimkalishe kwa lazima. Kama anapumua, mwache na helmeti yake, shikeni kichwa na shingo zisigeuke. Kumhamisha, mtelezeshe juu ya ubao ama mlango, watu wanne, mwili ukae sawa kama ulivyo. Tafuta gari la kulala, hata pikapu ya mizigo. Usimpe chakula wala kinywaji.

Na yule aliyegonga kichwa anayesema "niko sawa", ndiye wa kumwangalia zaidi. Kama alizimia hata dakika moja, apelekwe akaonekane, usisubiri asubuhi. Usiku huo asilale bila mtu. Mwamshe, muulize jina lake, muulize leo ni siku gani. Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akichanganyikiwa, akilemewa na usingizi usio wa kawaida, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, damu ama maji maji yakitoka sikioni au puani, ama akikoroma vile hajawahi kukoroma, usingoje kuche. Huyo hajachoka. Huyo anakufa, na bado kuna muda.

Laiti mtu angenisomea maneno hayo nikiwa na miaka 15.

Mwaka jana nilinunua helmeti yangu, kwa pesa ya vidio tatu nilizofanyia duka la nguo. Naivaa juu ya hijabu nyembamba ya pamba, na ndiyo, kuna joto, na ndiyo, watoto wa mtaani wananiita mwanaanga. Pale steji walinicheka wiki mbili. "Abaayo, tunaenda hapo tu." Nikawaambia binamu yangu pia alikuwa anaenda hapo tu. Wakanyamaza, maana wengine walimjua.

Sijabadilisha Liboi. Siku hizi yule dereva ninayempanda sana, akiniona nikija na kofia yangu, anatoa yake kwenye usukani anaivaa na kufunga mkanda. Nikishuka sijui kama anaivua. Mimi niko na hizo dakika kumi zake, na nazichukua.

Juzi hooyo alikuwa na wageni, na habari ikaja kwamba kijana fulani ameanguka na nduthi upande wa Dadaab. Mzee mmoja akaweka kikombe chini akaanza: ajali haina... Hooyo akamkatiza. Mama yangu, ambaye hajawahi kumkatiza mzee maishani mwake. Akauliza, "Alikuwa amevaa kofia? Alizimia? Nani yuko naye sasa hivi?"

Hayo ndiyo maswali. Leo ukiwa nyumbani, muulize mtu mmoja anayeendesha nduthi kwenu iko wapi helmeti yake. Akikuambia iko kwenye usukani, kaa naye chini. Umpe chai. Halafu muongee.